Tumbo la Jumatatu: Jinsi ya kumsaidia mtoto mdogo mwenye hofu

Ni Jumatatu asubuhi. Sare imefuliwa, uji umepoa, na wenzake wanapita njiani wakielekea shule. Lakini mtoto wa darasa la kwanza ameshika tumbo, analia. Juzi Jumamosi alicheza mpira hadi jioni. Zahanati wamempima malaria, hana. Wamempima minyoo, hana. Nyumbani wanasema anadeka, na fimbo inachukuliwa.

Mara nyingi mtoto huyu hadanganyi. Tumbo linamuuma kweli. Kinacholisokota ni hofu.

Hofu inaingiaje tumboni?

Mtu akihisi hatari, ubongo huuandaa mwili kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na kazi ya kusaga chakula hupungua. Hata wewe mtu mzima ukigongewa mlango usiku wa manane, tumbo hulisikia. Tofauti ni kwamba wewe unaweza kusema, "Nina wasiwasi." Mtoto wa miaka sita hana maneno hayo. Anachokijua ni kwamba tumbo linauma, kichwa kinagonga, au anataka kwenda chooni tena. Wengine hukosa usingizi, hung'ang'ania kanga ya mama, huwa wakali, au huanza kukojoa kitandani ilhali walikuwa wameshaacha.

Hofu yenyewe si ugonjwa. Mtoto asiyeogopa nyoka wala mto uliofurika yuko hatarini. Tena kila umri una hofu zake. Kuanzia miezi minane hivi, mtoto hulia akibebwa na mgeni. Kati ya miaka 3 na 6 huogopa giza, mbwa na radi. Akianza shule huogopa kuchekwa, huogopa mwalimu, au huogopa kwamba mama atakufa yeye akiwa mbali, hasa kama kumetokea msiba karibuni.

Mambo yanayoikuza hofu

La kwanza ni vitisho. "Usipolala, fisi atakuja." "Ukilia, daktari atakuchoma sindano." Mtoto hunyamaza usiku ule, lakini siku akiugua kweli anamkimbia anayetaka kumtibu.

La pili ni kumtoroka. Mama anasubiri mtoto azame kwenye mchezo, kisha ananyata kwenda sokoni. Machozi yameepukwa leo, lakini mtoto amejifunza kwamba mama anaweza kutoweka wakati wowote. Kesho habanduki.

La tatu ni kumwacha akwepe kila anachokiogopa. Akibaki nyumbani, ikifika saa tatu asubuhi tumbo limepona. Anajifunza kwamba kukwepa ndiyo dawa, na kesho yake shule inaonekana ya kutisha zaidi.

Na fimbo? Fimbo inaweka hofu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Ufanye nini?

Anza na kipimo. Mtoto akiwa na homa, akitapika au akiharisha, usikisie kwamba ni woga. Mpeleke zahanati.

Akionekana mzima, msikilize. Usimsimamie na kumhoji. Zungumza naye mkichambua mboga au mkienda kuteka maji. Watoto wengi hufunguka mikono ikiwa na kazi na bila kukodolewa macho. Muulize, "Shuleni ni sehemu gani huipendi?" Huenda ukagundua ni choo chenye giza, mbwa wa pale njiani, au mwanafunzi mkubwa anayemnyang'anya chakula. Hayo yana ufumbuzi, na mwalimu anaweza kusaidia. Usimcheke, wala usimwambie kwamba mtoto wa kiume haogopi. Mwambie, "Unamwogopa yule mbwa. Nimekuelewa."

Mfundishe kupumua. Jioni akiwa ametulia, mlaze chali na umwekee kikombe cha plastiki juu ya tumbo. Avute pumzi puani hadi kikombe kipande, kisha apulize polepole kama anayepoza uji. Rudieni mara tano. Pumzi ya taratibu huuambia mwili kwamba hatari imepita. Akizoea jioni, ataweza hata asubuhi ya Jumatatu.

Mpeleke hatua kwa hatua. Siku za kwanza msindikize hadi mlangoni mwa darasa. Akizoea, ishia getini. Baadaye ishia kwenye kona, aendelee na mwenzake. Usiruke hatua, na usirudi nyuma kwa sababu ya machozi ya siku moja. Sifia ujasiri wake: "Leo uliogopa, na bado ulikwenda."

Mwisho, aga kila unapoondoka. Saa hajui kuisoma, basi tumia alama anazozijua: "Nitarudi kabla kuku hawajaingia bandani." Kisha urudi kama ulivyosema. Ukiona utachelewa, piga simu nyumbani aambiwe.

Wakati wa kutafuta msaada

Kama hofu imedumu zaidi ya wiki nne, au inamzuia kula, kulala, kucheza au kwenda shule, zungumza na mhudumu wa afya au afisa ustawi wa jamii wa eneo lako.

Kuna dalili moja isiyosubiri wiki nne. Mtoto akianza ghafla kumwogopa mtu fulani au nyumba fulani, usimlazimishe kwenda huko, hata kama ni ndugu, jirani au mwalimu. Huenda anapigwa au anafanyiwa ukatili wa kingono. Mpe nafasi aseme, mwamini, na umwambie kwamba kosa si lake. Tanzania na Kenya, namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure. Tanzania pia kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi.

Jumatatu ijayo tumbo linaweza kuuma tena. Kabla hujaitafuta fimbo, kaa naye chini, pumueni mara tano pamoja, kisha mshike mkono mwende wote hadi pale mlipokubaliana.