Gramu 9 kwa Hekta

Chupa inayojulikana zaidi ya abamektini, dawa ya kuua wadudu, ina gramu 18 za kiuatilifu kwa lita. Ukipiga nusu lita kwa hekta, sumu yenyewe iliyoingia shambani ni gramu 9. Dawa nyingine, klopirifosi ya gramu 480 kwa lita, ikipigwa lita moja, inamwaga gramu 480 kwenye hekta hiyohiyo: zaidi ya mara 50.

Gramu hizo 9 ni kazi ya bakteria, Streptomyces avermitilis, aliyepatikana kwenye udongo wa Kawana, Japani, na kundi la Satoshi Ōmura miaka ya 1970. Mwanzoni alikuwa mvivu: lita moja ya mchuzi anamokuzwa ilitoa miligramu 9 tu. Kwa uvivu huo, hekta moja ingehitaji lita 1,000 za mchuzi. Nani angelipia tangi, chakula cha bakteria, umeme na hewa ya kupulizwa humo usiku na mchana, kwa ajili ya hekta moja? Watafiti wa kampuni ya dawa ya Merck walimbadilishia lishe, wakammulika kwa mionzi ya urujuanimno na kuchagua uzao wenye bidii, hadi miligramu 500 kwa lita. Lita 1,000 zikawa 18, bila kuhesabu kinachopotea wakati wa kusafisha. Unafuu ulitoka kwenye tangi. Kuwa zao la asili, peke yake, hakukupunguza hata senti.

Shambani hesabu ni nyingine. Emamektini, inayotengenezwa kutokana na abamektini, hupigwa sana dhidi ya viwavijeshi vamizi, walioripotiwa Afrika mwaka 2016. Tuchukue ekari inayotoa kilo 800 za mahindi, na dawa pamoja na kibarua vya kupiga mara moja vilingane na bei ya kilo 40. Kupiga mara moja kunakula asilimia 5 ya mavuno; mara tatu, asilimia 15. Mwaka 2017 shirika la CABI lilikadiria kwamba nchi 12 za Afrika zingepoteza tani milioni 8.3 hadi 20.6 za mahindi kwa mwaka bila udhibiti. Lakini utafiti wa mashamba ya wakulima wadogo mashariki mwa Zimbabwe, uliochapishwa 2019, ulikadiria hasara ya asilimia 11.57. Kwa hasara kama hiyo, anayepiga mara tatu kwa kufuata kalenda anakula hasara hata viwavi wote wakifa. Anayekagua kwanza, akapiga mara moja pale mimea michanga kama 20 kati ya 100 imeshambuliwa, anabaki na kitu.

Gharama nyingine haimo kwenye risiti: usugu wa wadudu. Spinosadi, dawa nyingine ya wadudu iliyo zao la bakteria aliyetoka kwenye udongo wa kiwanda cha ramu kilichoachwa huko Karibi, uliochukuliwa 1982, ilisajiliwa Marekani 1997. Miaka 15 ya kazi. Huko Hawaii ilipigwa mfululizo dhidi ya nondo wa kabichi, na kufikia 2000 baadhi ya mashamba yalikuwa na nondo sugu. Ndiyo maana inafaa kusoma kwenye lebo namba ya kundi, inayoonyesha namna dawa inavyomdhuru mdudu: spinosadi ni kundi la 5, abamektini na emamektini zote ni kundi la 6. Anayehama kutoka abamektini kwenda emamektini amebadilisha chupa tu.