Moto wa gesi unaovuma: usafishe, ubadilishe regulata au ununue jiko jipya?

Jiko la gesi likianza kuvuma na moto kuyumbayumba, ushauri wa kwanza utakaoupata dukani ni kununua jiko lingine. Muuzaji hana kosa, ndiyo kazi yake. Lakini kati ya mtungi, regulata, mpira na jiko, jiko ndilo ghali kulibadilisha, na mara nyingi halina ubovu zaidi ya uchafu. Bei nitakazotaja ni makadirio kwa maduka ya kawaida ya Dar es Salaam. Mikoani ongeza nauli.

Anza na yasiyolipiwa. Moto mzuri wa gesi ni wa bluu, mfupi, umeshika kwenye matundu na sauti yake ni ya chini. Ukiegemea upande mmoja, subiri jiko lipoe, nyanyua kofia ya kichomeo uirudishe ikae sawa. Ukiyumba wote kwa pamoja, zima feni, funga mlango unaopitisha upepo, kisha utazame tena. Ukiwa na ncha za njano na sufuria zinashika masizi, hewa haitoshi. Gesi ya mtungi huhitaji hewa takriban mara 25 hadi 30 ya ujazo wake ili iungue yote, na sehemu kubwa ya hewa hiyo huvutwa chini ya jiko, pale nozeli inaporusha gesi ndani ya bomba fupi la kichomeo. Uji uliofurika, mafuta, utando wa buibui, hata nyigu wa matope waliojenga humo jiko lilipokuwa stoo, vyote huziba njia hiyo.

Kusafisha kunataka maji ya moto, sabuni, mswaki uliochakaa na subira ya kuacha kila kipande kikauke kabisa. Nozeli ndiyo ya kuhofia. Tundu lake halifiki milimita moja, na wengi huichokonoa kwa sindano ya kushonea. Likipanuka kidogo tu, gesi inazidi hewa, moto unarefuka na kuwa wa njano, na kuanzia hapo unalipia gesi ambayo haipiki. Ipulize, au itoe uiloweke kwenye maji ya sabuni. Ikishindikana, nunua nozeli mpya ya kipimo kilekile. Namba imechongwa ubavuni.

Wenye majiko ya mtumba yenye oveni kutoka Ulaya wana tatizo jingine. Mengi ya majiko hayo yametoka kiwandani yakiwa tayari kwa gesi asilia ya bomba, ambayo nozeli zake zina matundu makubwa zaidi. Ukiliunganisha jiko hilo na mtungi, linatoa moto mrefu unaonguruma, na hakuna usafi utakaoliponya. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama nozeli zimebadilishwa. Akijibu kwamba gesi zote ni sawa, endelea na safari yako. Kwa jirani zetu wa Mikocheni waliounganishiwa gesi asilia mambo yamegeuka: jiko la mtungi likiwekwa kwenye bomba bila kubadilishwa nozeli, moto wake unakuwa mdogo na dhaifu.

Sasa regulata. Presha ikizidi, moto unanyanyuka juu ya matundu, unavuma kama karabai, na pengine unajizima. Regulata ya nyumbani hutoa presha isiyobadilika, karibu milibari 30. Zile zenye mpini wa kuzungusha, zinazotumiwa na mama lishe kwenye majiko makubwa, hutoa presha ya juu zaidi. Mara nyingi hupangwa rafu moja, na mwenye haraka anaondoka na isiyo yake. Ikiwa mluzi au mtetemo unatoka kwenye mtungi badala ya jiko, huenda mpira mwembamba ulio ndani ya regulata umechoka. Kifaa hiki hakifunguliwi kikatengenezwa. Fundi anayejitolea kukifungua mshukuru, na umnyime. Regulata nzuri hupatikana kwa Sh 20,000 hadi Sh 40,000, wakati jiko la plati mbili huanzia kama Sh 50,000 na kupita Sh 100,000.

Kabla hujaitupa regulata, utazame mtungi. Uliosafirishwa kwenye bodaboda umelazwa huweza kupeleka gesi ya majimaji kwenye regulata, na moto ukaruka na kushtuka. Usimamishe wima kwa muda kabla ya kuufunga. Mtungi unaokaribia kwisha nao hutoa moto unaofifia. Halafu kuna baridi. Mtungi wa kilo 6 uliounganishwa na jiko kubwa hutoa gesi haraka hadi chuma chake kinapoa na kutoa jasho, presha inashuka na moto unalegea. Njombe au Mbeya mwezi wa Julai hilo halishangazi, kwa kuwa butani, mojawapo ya gesi mbili za mtungini, huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi 0. Hapo mtungi wa kilo 15 utakufaa kuliko jiko jipya, na bei yake kwa kilo kwa kawaida ni nafuu kidogo. Upimwe mbele yako: EWURA inawataka wauzaji wawe na mizani, na uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma.

Tupige hesabu. Chukua nyumba inayomaliza kilo 6 kwa mwezi kwa Sh 25,000. Moto mbovu ukipoteza sehemu moja tu kati ya kumi, ni Sh 2,500 kwa mwezi, yaani Sh 30,000 kwa mwaka. Hiyo ni bei ya regulata.

Mpira wa gesi sina mjadala nao. Ukiwa na nyufa, umekauka au tarehe yake imepita, kata shauri ununue mwingine, na vibano viwili vipya. Ukimaliza kufunga, paka povu la sabuni kwenye maungio. Vipovu vikikua, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi ya umeme. Kiberiti hakitumiki kutafuta uvujaji, hata kama baba mkwe alifanya hivyo miaka yote.

Kama jiko limetoboka kwa kutu au valvu haizimi vizuri, hapo nunua jingine, lakini kwanza lilinganishe na sufuria ya presha ya umeme. Kilo moja ya gesi ina nishati ya takriban uniti 13 za umeme, ila zaidi kidogo ya nusu tu ndiyo inayoingia sufuriani. Kwa gesi ya Sh 25,000, kila uniti inayopika kweli inakufikia kwa zaidi ya Sh 600. Uniti ya TANESCO kwenye daraja la kawaida la Sh 292, pamoja na kodi na tozo, ni kama Sh 356. Kwa maharage na makande umeme unashinda. Chapati ziachie gesi.

Kwa mwenye hela ya kitu kimoja mwezi huu, uamuzi wangu ni huu: osha jiko ulilonalo, nunua regulata na mpira, na jiko jipya lisubiri.