Mhusika Ahamapo na Jina Lake

Katika maghala ya viazi ya Molo na Elburgon, mkulima aliyelisahau gunia gizani kwa miezi miwili mitatu hukuta, afunguapo kamba yake, kwamba viazi vimetoa machipukizi meupe yanayoutafuta mwanga. Na la ajabu ni kuwa chipukizi halitoki katikati ya kiazi, penye nyama nyingi, bali hutoka katika kijicho kidogo cha pembeni, ambacho mpishi angalikichokoa kwa ncha ya kisu akakitupa. Nimelikumbuka jambo hili mara nyingi nilipokuwa nikifikiri juu ya michezo ya kuchekesha ya televisheni, na hasa ile ada yao ya kuzaa michezo mingine, kwa sababu mchezo mpya aghalabu hauzaliwi na shujaa mwenyewe, ambaye habari zake zimekwisha kusimuliwa hata zikamalizika, bali huzaliwa na mtu wa pembeni, jirani, mlinzi, askari au mjakazi, aliyeingia akasema maneno mawili akatoka, na watazamaji wakabaki wakiutazama mlango aliotokea.

Wamarekani wameifanya kazi hii kuwa biashara kamili, nao wana mifano ambayo haina budi kutajwa kabla hatujarudi kwetu. Kulikuwa na mchezo ulioitwa Cheers, ambao karibu mambo yake yote yalitendeka ndani ya baa moja ya mji wa Boston, na mwaka wa 1984 akaingizwa humo tabibu wa maradhi ya akili, Frasier Crane, aliyechezwa na Kelsey Grammer, kwa nia ya kumtumia kidogo kisha aondoke. Hakuondoka. Cheers ilipofungwa mwaka wa 1993, tabibu yule alipewa mchezo wake mwenyewe wenye jina lake, akahamishiwa Seattle, akakaa huko misimu 11 hata mwaka wa 2004. Ndani ya baa alikuwa amesema kwamba baba yake alikwisha kufa. Katika mchezo mpya baba akatokea mzima, askari mstaafu mwenye nyonga mbovu na ulimi usiojua kupamba, akaja kukaa nyumbani kwa mwanawe, na waandishi wakalazimika kueleza kwamba mwana alilitamka neno lile la kifo kwa hasira tu, baada ya ugomvi. Katika kosa hilo dogo siri yote ya kazi hii imefunuliwa. Mteja wa baa hahitaji baba. Lakini siku watazamaji watakapotaka kumfuata hadi nyumbani, shurti nyumba iwepo, na ndani ya nyumba awepo mtu wa kumngoja.

Vivyo hivyo George Jefferson, mtu mweusi mwenye biashara ya kufua nguo, alikuwa jirani tu katika All in the Family, mchezo wenyewe ulioigwa kutoka mchezo wa Uingereza. Mwaka wa 1975 akahama mtaa wake akapanda ghorofani Manhattan pamoja na mkewe, na mchezo wao, The Jeffersons, ukadumu miaka 10. Jirani, ajapo kubisha hodi, huja na harufu ya jiko la kwake, na mtazamaji mwenye insafu hutamani kujua ni kitu gani kinachopikwa huko.

Nilikulia katika mtaa mmoja wa Nakuru miaka ambayo televisheni moja ilitazamwa na nyumba kumi. Mwenye chombo alikiweka juu ya kabati na kukifunika kitambaa kilichofumwa kwa mkono, akakifunua jioni kwa heshima ile ile ambayo mtu hukifunua chakula cha mgeni, na sisi watoto tuliketi sakafuni miguu imekunjwa tukingoja Vitimbi au Vioja Mahakamani. Wa Mau Narok na Subukia, ambako umeme ulikuwa haujafika, walitumia betri ya gari, nayo ilikuwa na tabia ya kwisha nguvu hakimu anapokaribia kutoa hukumu.

Vioja Mahakamani ni mchezo mwepesi kwa umbile lake, na kwa wepesi huo umeishi miaka mingi. Mshtakiwa husimama kizimbani, shahidi akaitwa, kesi ya kuku au ya mume wa watu ikasikizwa, maneno yakapindwa na kupinduliwa, kisha hakimu akaamua. Kila juma watu wa kizimbani hubadilika, bali watu wa mahakama wenyewe hubaki, na mmoja wa waliojulikana kwa njia hiyo ni Davis Mwabili, ambaye Wakenya wengi humwita Mwala wakasahau kwamba ana jina jingine. Vijana wa leo, wasomapo neno Inspekta mbele ya jina lake, yamkini hawajui kwamba kwa miaka mingi mashitaka katika mahakama zetu za mahakimu yaliendeshwa na maofisa wa polisi wenyewe, si mawakili wa serikali. Afisa aliyevaa sare ndiye aliyesimama, akasoma shitaka, akamhoji mtu wa kijijini kwa Kiswahili cha kituoni. Hivyo mchekeshaji aliyevaa sare hiyo hakuwa amebuni kiumbe kigeni. Alikuwa amemchukua mtu ambaye kila mmoja wetu aliwahi kumwona, na labda kumkimbia.

Sasa mtu na atafakari jinsi mahakama ilivyo. Ni mahali ambapo mambo hufika yakiwa yamekwisha kutendeka: kuku amekwisha kuibwa na kuliwa, ngumi imekwisha kutua, na kinachobaki ni masimulizi yanayoshindana. Mtazamaji husikia tu jinsi mshtakiwa alivyokamatwa, na kila asikiapo hujiuliza mambo yalikuwaje kweli; askari alifikaje pale, aliambiwa nini, alimsaka nani kwa makosa kabla ya kumpata mwenyewe? Kipindi cha Inspekta Mwala, kilichoonyeshwa Citizen TV, kilizaliwa katika pengo hilo hasa. Kilimtoa afisa mbele ya hakimu kikampeleka kituoni na mitaani, ambako kesi bado ni tope mikononi mwa mfinyanzi, na maafisa wadogo wanaharibu mambo ambayo mkubwa wao naye anayaharibu kwa sauti kubwa zaidi. Kwa maoni yangu huu ndio mfano wetu ulio bora, maana mchezo mpya haukurudia ule wa zamani kwa mavazi mengine. Ulisema lile ambalo ule wa zamani, kwa umbo lake, usingaliweza kulisema hata ungaliishi miaka 100.

Lakini siwezi kuandika juu ya wachekeshaji wa Kenya, tena nikiwa Nakuru, nisiseme juu ya lafudhi. Mji huu umejengwa na reli na mashamba ya walowezi, na hao waliokuja kutafuta kazi walitoka kila upande: Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wahindi wenye maduka, na Wakalenjin ambao nchi hizi za jirani ni za kwao, wote wakakutana katika Kiswahili kimoja ambacho kila mmoja alikitamka kwa ulimi wa mama yake. Mjaluo akaitoa sh kama s, Mkikuyu akachanganya l na r, Mkalenjin akasema kipoko mahali pa kiboko, kwa sababu lugha yake haitenganishi b na p. Wachekeshaji waliikuta hazina hii imekwisha kuchimbwa. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, mume wa Mama Kayai, alizungumza Kiswahili cha Mjaluo hata watu wa Kisumu wakamwona wa kwao, ilhali Benson Wanjau aliyemcheza alikuwa Mkikuyu. Na katika michezo ya kituo cha taifa alikuwepo Masanduku arap Simiti, ambaye jina lake peke yake, lenye hilo neno arap la Kikalenjin, yaani mwana wa fulani, liliwatosha watoto wa kwetu kwa kicheko cha wiki nzima, na waliocheka kwanza walikuwa wenzetu waliokuwa na jina la arap wao wenyewe.

Nakumbuka pia mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, wakati lugha ya mtu katika mitaa ya Nakuru na Naivasha iliweza kumtoa roho. Tangu hapo nimelisikiza jambo la lafudhi kwa sikio jingine, na nimefikia rai hii, ambayo sioni haya kuitetea: mhusika asiye na kitu ila lafudhi ni kikaragosi, naye hawezi kuhama, kwa maana akitoka nje ya kichekesho chake cha kwanza hana pa kwenda. Mzee Ojwang' alikuwa na lafudhi, ni kweli, walakini alikuwa na mke anayemjua kuliko anavyojijua, alikuwa na tamaa ndogo ndogo, alikuwa na woga aliouvika ukali. Ukimwondolea lafudhi bado unabakiwa na mtu. Alipofariki tarehe 12 Julai 2015, watu wengi waliliona jina la Benson Wanjau kwa mara ya kwanza katika tanzia yake, baada ya kumpenda miaka 30.

Jambo hilo la jina lina uzito zaidi ya linavyoonekana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa Redykyulass walithubutu kumwigiza Rais Moi mbele ya taifa lililokuwa limezoea kunong'ona, na mmoja wao, Walter Mong'are, akabaki akiitwa Nyambane hata leo. Sauti ile ilisikika kwetu kwa namna ya pekee, kwa kuwa mwenye sauti halisi aliishi Kabarak, mwendo mfupi kutoka mjini. Daniel Ndambuki alimchukua mwalimu wake wa kubuni, Mwalimu King'ang'i, akaenda naye redioni kila asubuhi katika Classic 105, na Jacqueline Nyaminde, mke wa Papa Shirandula katika mchezo wenye jina hilo, akasikika redioni kwa jina la Wilbroda. Hawa hawakupewa mchezo mpya na mtu yeyote. Mhusika mwenyewe ndiye aliyekuwa mtaji, naye akabebwa mgongoni kama mzigo wa mchuuzi kutoka soko hadi soko. Na hapo huzuka swali ambalo wachezaji wetu wa zamani hawakuwa na wakili wa kuwaulizia: mhusika ni milki ya nani, aliyemwandika, aliyemcheza, au kituo kilicholipa taa na kamera? Tanzania walilionja swali hilo waziwazi. Kundi lililopendwa sana kwa kipindi cha Ze Comedy katika EATV lilipohamia TBC, jina lile halikuhama nalo, na akina Joti na Masanja wakajiita Orijino Komedi. Jina la mlangoni likabaki nyuma, bali wahusika wakaondoka na miili iliyowachukua, na watazamaji wakawafuata.

Katika miaka ya karibu kazi hii imepata wenyewe walioifanya kwa kujua. Auntie Boss!, mchezo wa NTV juu ya wasichana wa kazi na mabibi zao, ulimtoa Nyce Wanjeri, aliyemcheza Shiru na kushinda tuzo ya Afrika mwaka wa 2018. Na humo humo alikuwemo Varshita, mke wa nyumba ya Kihindi aliyechezwa na Eve D'Souza, ambaye baadaye alipewa mchezo wake wenye jina lake. Nalisifu jambo hilo, kwa kuwa Mhindi wa Kenya alikuwa muda mrefu mtu wa nyuma ya kaunta tu, asemaye bei na kukataa punguzo, kumbe nyuma ya duka kuna nyumba, mama mkwe, na mambo yanayochekesha na kuuma kama ya watu wote.

Na Papa Shirandula, je? Charles Bukeko aliyemcheza alifariki tarehe 18 Julai 2020, na hapakuwa na Papa mwingine. Mlinzi wa lango aliyemficha mkewe kazi yake, akaondoka nyumbani kama mtu wa ofisini kisha akavaa sare akifika, alikuwa tangu mwanzo na nyumba mbili ndani ya mchezo mmoja, na kwa hiyo hakuhitaji kuhama. Walioweza kuhama ni wale waliomzunguka, akina Awinja na Otoyo. Wenzao wa Marekani walijifunza kinyume chake kwa hasara. Joey, aliyependwa miaka 10 katika Friends, alitengewa mchezo wake mwaka wa 2004, akapelekwa Los Angeles peke yake, na misimu miwili tu ikatosha, kwani kumbe kilichopendwa kilikuwa ni Joey pamoja na watu watano waliomjua.

Mwaka jana nilialikwa katika shule moja ya upande wa Njoro kutazama mchezo ambao wanafunzi walikuwa wakiutayarisha kwa mashindano. Ulikuwa mchezo mzito juu ya urithi wa shamba, na ndani yake mvulana mmoja mwembamba alikuwa na kazi ya kufungua lango la tajiri na kusema, "Karibu, mzee, lakini mbwa hajafungwa." Hakuwa na neno jingine. Alilisema polepole, akiangalia kwanza viatu vya mgeni kisha uso wake, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata mwalimu akasimamisha mchezo. Baada ya mazoezi nilimwita kando nikamwuliza yule mlinzi wake anaishi wapi. Hakufikiri hata kidogo. Akaniambia anaishi chumba kimoja Kaptembwo, ana watoto watatu, mkewe anauza mboga na hupika chakula cha usiku saa kumi jioni kwa sababu mumewe huondoka mapema. Tena mbwa yule, mzee, hufungwa siku zote, ila mlinzi hupenda wageni wasijue.