Mbu wa Buguruni na Wakubwa Waliokubali Kukosolewa

Buguruni si mbali na Kariakoo. Masika yakianza mitaro inaziba, maji yanatuama, na mbu wanapata pa kutagia. Mwaka 2004 Jiji la Dar es Salaam lilianzisha mradi wa kudhibiti malaria katika kata 15, Buguruni ikiwamo. Eneo lote lilikuwa kilomita za mraba 55, lenye wakazi zaidi ya 610,000. Walioshiriki walikuwa wengi: halmashauri za Ilala, Temeke na Kinondoni, watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, na wataalamu kutoka Uswisi, Uingereza na Marekani.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa usukani ulishikwa na jiji lenyewe. Mganga mkuu wa jiji, Deo Mtasiwa, aliupa mradi nguvu ya serikali, na Khadija Kannady akausimamia. Watafiti kama Gerry Killeen wa Ifakara walibaki kwenye kupima na kushauri.

Mpangilio huo ulibadili hata swali la kisayansi. Dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi ilishajulikana. Kilichosumbua ni nani atalifikia kila dimbwi, kila wiki, kwa bajeti ya halmashauri. Jibu likawa vibarua, wakazi wa jijini humohumo, waliolipwa shilingi 3,000 kwa siku kwa utaratibu uleule wa wafagia barabara.

Ramani nayo ilianzia chini. Kila kibarua alichora kwa mkono eneo la mjumbe wa nyumba kumi alilopangiwa: nyumba, njia, mtaro, kiwanja kitupu. (Nyumba kumi kwa jina tu, mara nyingi zilikuwa nyingi zaidi.) Stefan Dongus na wenzake wakailinganisha michoro hiyo na picha zilizopigwa kutoka angani, wakakuta sehemu ambazo hazikuwamo kwenye mchoro wa mtu yeyote. Mabonde na maeneo yasiyo na makazi hayana mjumbe, lakini mbu yanao.

Uamuzi mwingine ulikuwa wa busara zaidi kuliko wa maabara. Mbu wa vyoo vya shimo na chemba haenezi malaria, ila ndiye anayewanyima watu usingizi. Mradi ulimshughulikia naye, maana mwananchi anayeumwa usiku kucha hatakubali kuambiwa kwamba mbu wamedhibitiwa.

Dawa ilianza kumwagwa Machi 2006 katika kata tatu, kisha kata nyingine zikaongezwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba palipowekwa dawa, uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea vya malaria ulishuka kwa takriban asilimia 21. Si muujiza, lakini si haba.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, mtafiti kijana wa Ifakara, Prosper Chaki, alichapisha habari chungu. Alirudia nyayo za vibarua na kugundua kwamba kati ya mazalia 2,965 yenye maji, walikuwa wameyaona 1,963. Palipokuwa na viluwiluwi vya mbu wa malaria walivitambua mara 29 tu kati ya 230. Kibarua asiyelijua eneo vizuri alipitwa na mengi, na kuta na mageti vilificha mengine.

Mkubwa mwingine angeifungia ripoti hiyo kabatini. Killeen aliweka jina lake miongoni mwa waandishi wake, na Chaki akaendelea kuchimba palepale: mwaka 2011 alichapisha utafiti mwingine kuhusu vibarua haohao, safari hii akiangalia namna wanavyoajiriwa na kusimamiwa. Miaka ya baadaye alikuja kuwa mkurugenzi mtendaji wa PAMCA, chama cha Afrika cha udhibiti wa mbu.