Kiingereza Chuoni: Linganisha Kazi Kabla ya Karo

Kwa kijana wa Vitengeni, Kaunti ya Kilifi, anayetaka kusomea Kiingereza, kuna njia tatu za kupima.

Digrii ya ualimu, Kiingereza na Fasihi. Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi ndicho cha karibu. Ni miaka 4, na mazoezi ya kufundisha yamo ndani yake. Ila tume ya walimu, TSC, humtaka mwalimu wa sekondari awe na wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, na C+ katika masomo anayofundisha. Mwenye C ya Kiingereza asidhani wastani wa B utamwokoa.

Digrii ya sanaa. Nayo ni miaka 4. Humfaa anayelenga uandishi wa habari, tafsiri au kazi za mashirika. Akigeuza nia na kutaka darasa, itambidi asome stashahada ya uzamili ya elimu. Karo hiyo ya pili haionekani siku ya kujiandikisha.

Stashahada ya ualimu wa msingi. Chuo cha Shanzu, Mombasa, hufundisha kozi hii ya miaka 3. Anayeisoma huokoa gharama za mwaka mmoja, lakini atafundisha masomo mengi, si Kiingereza peke yake.

Karo na pesa za kujikimu nazo zihesabiwe. Katika ufadhili wa makundi matano kwa vyuo vikuu vya umma, familia ya kundi la kwanza, lenye uhitaji zaidi, hulipa asilimia 5 ya karo, ya kundi la tano asilimia 40. Pesa za matumizi ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kundi la kwanza na 40,000 kwa la tano. Zigawe kwa miezi 8 ya masomo: 7,500 au 5,000 kwa mwezi. Humo mna kodi ya chumba, chakula na nauli ya kurudi nyumbani kupitia Ganze. Kumbuka pesa hizo za matumizi ni mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka.

Maandalizi mengine ni rahisi. Mafunzo ya Ajira Digital, mpango wa serikali wa kazi za mtandaoni, ni bure. Anayewinda kazi za hoteli Malindi na Watamu aongeze Kiitaliano, kwani Kiingereza tayari wanacho wengi. Mwalimu naye aweke akiba ya usajili wa TSC, shilingi 1,055, na cheti cha mwenendo mwema, shilingi 1,050. Asitegemee ajira ya kudumu mara moja: wengi huanza kama wanagenzi wa sekondari msingi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Uamuzi wetu: mwenye C+ inayotakiwa na anayetaka kufundisha achukue digrii ya ualimu. Digrii ya sanaa ichukuliwe na aliye na kazi nyingine akilini tangu mwaka wa kwanza. Aliye na wastani wa C aulizie Shanzu. Na kabla ya kulipa chochote, peleka matokeo yako ya KCSE kwa afisa wa TSC akuthibitishie kama unafaa.