Sauti za Jokofu na Maana Zake

Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, karibu na Kisesa nje ya jiji la Mwanza, yanahifadhi ngoma za aina nyingi. Mpiga ngoma hodari hahitaji kuikagua ngoma kwa macho ili ajue kuwa ngozi yake imelegea. Huipiga na kusikiliza. Jokofu nalo hueleza hali yake kwa sauti. Katika nyumba ambamo sato wa juma zima hutegemea chombo hicho, kuzielewa sauti hizo ni kuokoa chakula na fedha.

Yafaa kwanza tufahamu kwamba jokofu halitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu yale yanayopenya nje na kugeuka mvuke huchukua joto la maji yaliyobaki. Katika jokofu kazi hiyo hufanywa na kimiminiko maalumu kinachochemka ndani ya mabomba na kufyonza joto la chakula. Kompresa, yaani pampu iendeshwayo na mota, huushindilia mvuke wake mpaka uwe na joto kuliko hewa ya chumbani. Mvuke huo hutoa joto lake katika mabomba ya nyuma na kurudia hali ya kimiminiko. Kisha hupita katika kibomba chembamba sana, kanieneo yake ikashuka, na mzunguko ukaanza upya.

Kwa hiyo, mvumo mdogo unaoanza na kukoma ni kompresa ikifanya kazi yake. Mlio kama wa maji yanayotokota ni kimiminiko kikipita mabombani. Sauti hizo zisitutie hofu.

Jokofu likitetemeka kwa kelele, huenda mabomba yanagusa ukuta au miguu yake haiko sawa. Laza juu yake chupa iliyofungwa, yenye maji karibu ya kujaa: kiputo cha hewa kitaelekea upande ulioinuka.

Mota isiyopumzika huonyesha kwamba joto limezuiwa kutoka, au linaingia kwa wingi. Ondoa vumbi kwenye mabomba ya nyuma, na usogeze jokofu mbali kidogo na ukuta. Bana karatasi mlangoni. Ikichomoka bila kukazwa, mpira wa mlango umechoka. Hewa yenye unyevu hupenya hapo, nao unyevu huganda. Barafu nene hupitisha joto kwa shida. Chomoa waya wa umeme, uiache iyeyuke yenyewe. Usiichokoe kwa kisu, kwani majokofu mengi ya siku hizi hutumia isobuteni, gesi inayoshika moto.

Sauti ya kuhofiwa ni hii: mota huvuma sekunde chache, hutoa mlio mkavu wa "tak", hunyamaza, kisha hurudia baada ya dakika chache, na ndani hamna baridi. Mara nyingi kisa chake ni umeme hafifu. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Nguvu ya mota ya kujizungusha hufuata mraba wa volti. Zikishuka hadi 184, yaani asilimia 80, nguvu hiyo hubaki asilimia 64 tu. Mota iliyoshindwa kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko kawaida, nao huchemsha nyaya zake. Swichi ya usalama hukata umeme: ndiyo ile "tak". Jaribio hilo likirudiwa mno, mota huungua.

Hali hiyo hutokea pia umeme unapokatika na kurudi upesi, kwa kuwa kanieneo ya pande mbili za kompresa haijasawazika. Basi umeme ukikatika, chomoa waya. Ukirudi, ngoja dakika 5. Mlio ukiendelea ingawa umeme ni mzuri, mwite fundi. Mlango usipofunguliwa, chakula hukaa salama kwa kadiri ya saa 4. Samaki aliyekaa katika joto kupita muda huo asiaminiwe kwa harufu pekee.

Wanafunzi na wafanye jaribio hili: waache kipimajoto ndani ya glasi ya maji jokofuni usiku kucha, kisionyeshe zaidi ya nyuzi 5 za Selsiasi. Kisha wapime dakika ambazo kompresa huvuma na kupumzika, alfajiri na tena saa 8 mchana, na waeleze tofauti watakayoiona.