Barua za Doha katika nyumba ya Itumbe



Mzee aliyetualika Itumbe ni mtu wa kwetu kwa nusu ya umri wake. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa karani katika ghala moja la chai pale Shimanzi, akaoa kwa watu wa Kuze, akalea wanawe Mombasa, na jarida hili lilikuwa likimfikia kila Ijumaa baada ya sala. Alipostaafu alirudi na mkewe kwa wazee wake katika milima ya Kisii, na majirani wa huko humwita Omogaka, kwa heshima ya mvi zake. Mwenyewe husema kwa utani kwamba hakuiacha kazi, bali ameifuata chai hadi kwenye chimbuko lake. Kiwanda cha Itumbe hupokea majani mabichi ya wakulima, na chai ikishakauka hushushwa kwetu Mombasa kuuzwa mnadani, ambako mnada huo umekuwa tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1992. Kwa hiyo Itumbe si mbali nasi kama ramani inavyodai.

Safari yetu haikuwa ya chai, ilikuwa ya barua. Mwana mkubwa wa mzee alifanya kazi Doha kwa miaka saba. Kila juma alimwandikia babake barua pepe, akiambatisha picha, stakabadhi za fedha alizotuma, na mara moja nakala ya mkataba wake wa kazi. Baba hakuzihamisha popote. Kwake yeye zilikuwa zimehifadhiwa, kwa kuwa kila alipofungua kikasha alizikuta. Kisha kijana akafariki huko kwa ajali ya barabarani, Mwenyezi Mungu amrehemu, na baba hakuweza tena kufungua kikasha kile. Alikaa zaidi ya miaka miwili bila kukigusa. Siku alipopata moyo, akaketi mbele ya kompyuta, akaandika neno lake la siri, na mlango ukafunguka bila shida yoyote. Ndani hamkuwa na kitu. Kampuni iliyokuwa ikimhifadhia, ambayo hatutaitaja hapa, ilikuwa imekifuta kila kilichokuwemo kwa sababu ya kutotumika.

Tumeona wasomaji wengi wakishangaa wanaposikia jambo hili, kwa hiyo tuliseme waziwazi. Barua pepe unayoisoma kwa kivinjari haimo nyumbani mwako. Imo katika kompyuta za kampuni, mahali usipopajua, na wewe unaitazama kama mtu anayechungulia dirishani. Google ilitangaza Mei 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na barua na picha zake, na ufutaji ukaruhusiwa kuanza Desemba mwaka huohuo. Wako wanaohesabu mwaka mmoja tu. Hakuna dhuluma ya kisheria katika hilo, maana masharti yaliandikwa, nasi tulibonyeza tukakubali bila kuyasoma. Lakini sharti la namna hiyo halimjui mfiwa. Haliwezi kutofautisha akaunti iliyotupwa na akaunti ambayo mwenyewe anaogopa kuifungua kwa majonzi.

Hata pasipo sharti, ajali hutokea. Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua katika vikasha vya Gmail vya watumiaji wachache, ambao Google yenyewe iliwakadiria kuwa asilimia 0.02 ya wote. Barua zilirudi, na zilirudi kutoka kwenye mikanda ya sumaku, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeweka nakala kando, mahali ambapo kosa la mashine halikuweza kufika. Basi ikiwa mwenye ghala mwenyewe haliamini ghala lake moja, itakuwaje sisi? Wazee wetu wa pwani walilijua hili pasipo mashine: kitabu chenye thamani kilinakiliwa kwa mkono, kikakaa katika nyumba zaidi ya moja, na ndiyo sababu kuna hati za kale zilizosalia hadi kupigwa picha za kidijitali, kama zile za Msikiti wa Riyadha wa Lamu.

Turudi Itumbe. Palikuwa na tumaini moja. Mzee alikuwa na desturi ya kumpelekea bintiye baadhi ya barua za kakake, na kaka mwenyewe alikuwa akimwandikia dadake moja kwa moja. Binti alikuwa na akaunti ya Gmail iliyo hai, na kompyuta ndogo aliyonunuliwa kwa bonasi ya chai. Alichotuomba ni tukae naye wakati anaziteremsha, asije akabonyeza pasipofaa akaziua na hizo.

Alipakua Thunderbird, programu ya bure ya shirika la Mozilla, akaandika anwani yake. Likafunguka dirisha la Google kuuliza neno la siri, na tarakimu za uthibitisho zikatumwa kwa simu yake. Hapa tulipumua, kwa sababu laini ile ilikuwa bado mikononi mwake. Laini ya simu isiyotumika kwa muda hupewa mtu mwingine, na tarakimu zako huenda kwake. Dakika chache baadaye barua zikaanza kujipanga katika kioo cha kompyuta, na binti akapiga makofi akidhani kazi imekwisha.

Ilikuwa haijaanza. Hili ndilo jambo ambalo twapenda msomaji alishike kuliko mengine yote. Njia ya kawaida inayotumiwa na programu hizi, iitwayo IMAP, ni kama kioo cha kujitazamia: kilichoko kwa kampuni huonekana kwako, na kikiondoka huko hutoweka na kwako pia. Barua zikifutwa huko kesho, programu ikiunganishwa tena itafuata mkumbo huo. Anayetaka nakala hana budi kuzitoa barua kwenye kioo na kuziweka katika folda zilizo za kompyuta yenyewe, ambazo katika Thunderbird hukaa peke yake chini ya orodha ya akaunti. Na azinakili, asizihamishe. Mkono wa binti ulikuwa umeshaburuta barua mia tatu na zaidi kwa njia ya kuhamisha, ambayo ingeziondoa kule zilikotoka kabla hatujajua kama huku zimefika salama. Tulimzuia kwa sauti kubwa kuliko adabu inavyoruhusu, tukamtaka radhi.

Iko njia nyingine, IMAP isipohitajika kabisa. Google ina huduma iitwayo Takeout. Unachagua barua pekee, unangoja, na baada ya saa kadhaa au siku huletewa kiungo cha kupakulia faili moja kubwa yenye kila kitu. Kiungo hicho hufa baada ya takriban juma moja, kwa hiyo asiye na bando la kutosha asikiombe kabla ya kulipata. Faili lenyewe ni la mtindo uitwao mbox, maandishi matupu yaliyofuatana, na programu nyingi huweza kulisoma. Sisi twaipenda njia hii kwa akaunti nzima, na ile ya kwanza kwa mwenye kutaka kuchagua.

Binti alitaka kuchagua. Zimo barua ambazo kaka alimwandikia dadake siri zake, na mama, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mboga, alisikia tukisita. Akauliza kama zote zitasomwa. Binti akasema hapana, zile ni amana. Akaziwekea folda yake mwenyewe yenye neno la siri kwenye kompyuta, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Tunaliandika hili kwa sababu katika kuokoa barua za marehemu watu husahau kwamba kuokoa si kusoma.

Alasiri mvua ikaja. Wenyeji wa milima ya Kisii wanajua radi zao. Mama alisimama mara moja, akachomoa waya ukutani, na kazi ikaendelea kwa betri. Radi huweza kuunguza kompyuta na kila kilichochomekwa ndani yake, hivyo nakala iliyomo katika kompyuta moja ni nakala ya kuazimwa. Siku ya pili binti alinakili folda zote kwenye diski ya nje, akaichomoa, akaifunga katika mfuko wa plastiki, na ndugu wa mamake akaichukua kwenda nayo Mombasa. Flashi aliyokuwa nayo tulimshauri aitumie kwa kubebea tu, si kwa kuwekea. Tulimhimiza pia afungue barua kumi bila intaneti, moja moja, kuhakikisha zinasomeka. Nane zilifunguka na viambatisho vyake. Mbili zilikuwa na viungo tu, kwa kuwa marehemu hakuambatisha picha bali alituma njia ya kuzifikia mahali pengine; nakala ya barua hainakili kilichoko nyuma ya kiungo. Moja ilifunguka bado, ikapakuliwa hapohapo. Ya pili ilikuwa imekufa.

Mkataba wa kazi ulipatikana, ukurasa wa pili peke yake. Sheria ya kazi ya Qatar, namba 14 ya mwaka 2004, humpa mfanyakazi aliyetimiza mwaka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka, na familia ilitaraji kuudai kwa niaba ya warithi. Kwa ukurasa mmoja wenye jina la mwajiri na mshahara wa msingi, wakili aliyeko Kisii ameona pa kuanzia. Hakuahidi.

Lakini kilichomtikisa mzee si mkataba. Katika barua ya mwisho-mwisho aliyompelekea dadake, mwanawe alitaja kwamba amekopa riyali 1,800 kwa mwenzake wa chumbani ili kutuma ada ya shule ya mdogo wao, na kwamba atamlipa mwezi utakaofuata. Mwezi huo hakuufikia. Baba hakuwa amejua. Barua hiyo haikupitia kikasha chake, na laiti binti naye angeacha miaka ipite, deni lingebaki shingoni mwa marehemu bila mtu wa kulitafuta, na mirathi ingegawanywa juu yake.

Mzee alimwita mkewe, akamsomea barua kwa sauti, mara mbili. Kisha akamwomba binti amtafute mwenzake yule kwa anwani iliyokuwa imenakiliwa pembeni ya barua. Waliandika kwa Kiingereza chepesi, wakamwambia wao ni nani, wakamuuliza fedha zake azipokee kwa njia gani. Binti alipobonyeza kutuma, alinakili na barua hiyo kwenye folda ya kompyuta.

Tuliondoka Itumbe kesho yake alfajiri, magunia ya majani mabichi yakiwa yameanza kupangwa kando ya barabara. Jibu kutoka Doha lilikuwa bado halijaja.